Kutoka soko la Nyangwe hadi soko la Mkunazini



Ndoa yetu ilipotimiza miaka 25, watoto wetu walifikiri kwamba tutaalika jamaa, tutapika, tutapiga picha mbele ya kanisa, na mambo yataisha hapo. Mama yao alikataa. Alitaka akiba tuliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka mingi itufikishe kwenye Bahari ya Hindi, kwa njia ile ile waliyopita watu wa zamani: kuvuka ziwa Tanganyika, kupita Ujiji na Tabora, kutokea Bagamoyo, na kuvuka tena hadi Unguja. Majirani walidhani tunakwenda kununua vitenge. Nami niliposikia majina ya miji ile nilielewa mara moja anachotafuta, ila sikusema neno.

Ninawaandikia habari za safari hiyo kwa sababu mnapokutana katika makundi yenu hupenda kuuliza: historia ya wazee inatuhusu nini sisi wa leo? Nitajaribu kujibu kwa mambo niliyoyasoma kama mwalimu na kwa yale niliyoyaona nikiwa na mke wangu.

Kwanza mjue yaliyokuwa nyumbani kwetu. Bibi wa mke wangu alizaliwa Maniema, upande wa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Alikuwa akisimulia kwamba nyanya yake alikuwa na dada aliyekwenda sokoni na chungu cha mafuta ya mawese, asirudi tena. Upande wangu, baba wa babu yangu alikuwa mungwana wa Kasongo, mtu wa bunduki, mfuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Siku ya kuomba uchumba, mjomba mmoja wa mke wangu aliuliza ukoo wangu. Alipojibiwa alinyamaza muda mrefu. Mahari ilipokelewa, lakini yeye hakuonja chakula siku ile. Kwa miaka 25 mimi na mke wangu tulilijua jambo hilo, na hatukulizungumza.

Tulipanda boti Kalemie jioni, tukafika Kigoma asubuhi. Ujiji haiko mbali na hapo. Leo ni mji wa utulivu, wenye miembe mikubwa na nyumba za udongo zilizopakwa rangi, na ziwa limejitenga na mahali lilipokuwa zamani. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 ndipo Henry Stanley alipomkuta David Livingstone. Wageni huonyeshwa mnara wa Wazungu hao wawili. Lakini Ujiji haikujengwa nao. Ilikuwa tayari bandari na soko la watu wa ziwa zima: chumvi, samaki, mafuta ya mawese, pembe za ndovu, na watu. Wengi waliochukuliwa upande wetu wa ziwa hawakufika baharini kamwe. Walibaki Ujiji na Tabora, wakalima, wakajenga, wakazaa. Hata leo kuna watu pale wanaojiita Wamanyema. Mzee mmoja aliposikia mke wangu anatoka wapi, alimwita dada, akatuma mjukuu wake alete chai. Tulikunywa chai ile katika ua wa mtu ambaye pengine babu zake walivuka ziwa wakiwa wamefungwa kamba.

Kutoka Kigoma tulipanda gari moshi. Reli hiyo ilijengwa na Wajerumani. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita kuu. Sisi Wakongo tunalo neno katika reli hiyo. Mwezi Septemba 1916 askari wa Force Publique, watoto wa Kongo waliopigana chini ya maofisa Wabelgiji, waliuteka mji wa Tabora. Nyuma yao walikuwa wapagazi wasiohesabika, waliobeba risasi na unga kwa vichwa vyao. Vitabu vimeandika majina ya maofisa. Majina ya wapagazi yalibaki katika midomo ya wajane wao, na midomo hiyo imekwisha kufungwa.

Ndani ya behewa nilimfundisha mke wangu jambo moja ambalo ninyi pia mnapaswa kulijua, kwa sababu picha za vitabu vya shule hukosea. Sisi hufikiri kwamba kila aliyebeba pembe kwenda pwani alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Si hivyo. Kati ya Tabora na pwani, wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru, waliofanya kazi kwa mshahara wa vitambaa, tena wakijivunia kazi yao. Kijana wa Kinyamwezi aliyeiona bahari alirudi kwao akiwa mtu mzima. Minyororo ilikuwepo, na ilikuwa ya kutisha, lakini njia ile ile ilipitwa na watu huru na watu waliofungwa. Anayefuta mmoja wa hao wawili anaharibu historia.

Na pembe zenyewe zilikwenda wapi? Kutoka Unguja zilipelekwa Bombay, London, na hata jimbo la Connecticut huko Marekani, ambako viwanda vilizikata kuwa vibao vya kupigia piano. Kwa malipo, meli za Waamerika zilileta kitambaa cheupe cha pamba, ndiyo sababu wazee wetu wakakiita amerikani. Hivyo ndovu aliyeuawa msituni Maniema alipigwa muziki katika sebule ya watu ambao hawakulisikia hata jina la Nyangwe.

Bagamoyo iko mwendo wa kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Hapo njia ya nchi kavu ilikoma. Tulitembea katika mitaa yake ya mawe tukiwa na mwalimu mstaafu aliyejitolea kutuongoza. Alituonyesha milango ya kuchongwa iliyoliwa na chumvi, nyumba zisizo na mapaa, boma la Wajerumani ambao walifanya mji huo makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Tulimwuliza maana ya jina la mji. Akasema kuna maelezo mawili. Wengine husema ni neno la mpagazi aliyefika: bwaga moyo, tua mzigo, pumzika, safari imekwisha. Wengine husema ni neno la mtumwa aliyeona bahari: uache moyo wako hapa, maana hutarudi. Mke wangu akamwuliza lipi ndilo la kweli. Yule mwalimu akajibu: «Mama, inategemea uliyefika ni nani.» Nimefundisha miaka zaidi ya 30, na sijapata kutoa jibu bora kuliko hilo.

Misioni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotangulia kukaa Unguja. Walikomboa watoto kwa fedha sokoni, wakawalea, wakawafundisha kusoma, useremala na kilimo. Walipokua na kuoana, kila mume na mke walipewa nyumba na shamba katika kijiji kilicho karibu na kanisa. Tulisimama mbele ya kanisa la zamani, mke wangu akaniambia kwamba hilo ndilo jambo lililomgusa kuliko majengo yote: kwamba watu walioweza kuuzwa kila mmoja peke yake walipewa mlango mmoja wa kufunga usiku wakiwa wawili. Kwao ndoa ilikuwa tangazo kwamba hakuna atakayewatenganisha kesho.

Lakini ukweli una pande zake. Waliokombolewa hawakuwa huru kama sisi tunavyoelewa uhuru. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, na kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa. Tena ununuzi wa watoto, hata kwa nia njema, ni ununuzi. Wamisionari wenyewe waliteseka: kipindupindu, homa, na tufani ya mwaka 1872 iliyobomoa majengo yao. Nenda makaburini usome miaka iliyoandikwa juu ya mawe, utaona vijana waliokufa kabla ya kufikisha miaka 30. Ninawaheshimu. Na heshima hiyo hainizuii kusema walipopungukiwa.

Kwetu sisi wa mashariki ya Kongo, Bagamoyo ni mlango wa imani. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa pia Mapadri Weupe, uliondoka hapo kwenda bara. Padri Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifia njiani. Wenzake walifika Ujiji mwezi Januari 1879, na baadaye wakavuka ziwa. Mwaka 1885 walipokea Mpala, katika nchi yetu. Injili ilitufikia kwa njia ya pembe na minyororo, mgongoni mwa wapagazi wale wale. Zamani jambo hilo lilinitia aibu. Sasa ninaona kwamba halikuwa na njia nyingine ya kupita, kwa sababu hiyo ndiyo njia watu walimokuwa wakiteseka.

Katika misioni hiyo pia mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja, mwezi Februari 1874, kabla ya kupelekwa Uingereza. Alifariki mwaka 1873 kule Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba miezi mingi hadi pwani. Ninamtaja Livingstone kwa sababu ya mke wangu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, sokoni. Wanawake wengi walikuwa wamekuja na samaki, vyungu, mihogo na mafuta. Watu wa wafanyabiashara wa pwani wakaanza kupiga bunduki katikati ya umati. Waliokimbilia Lualaba walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walizidi 300. Livingstone aliyaandika aliyoyaona, na barua zake zikafika London mwaka uliofuata kwa mkono wa Stanley. Hasira iliyozuka huko ilichangia kuifanya serikali ya Uingereza imbane Sultani Barghash wa Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.

Soko hilo lilikuwa Mkunazini, katikati ya Mji Mkongwe. Tulilifikia siku ya tatu baada ya kuvuka kwa boti. Leo pamesimama kanisa kuu la Waanglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa. Wenyeji husimulia kwamba altare iko mahali pa mti waliofungiwa watumwa kuchapwa. Nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, shingoni wana mnyororo wa kweli. Karibu na hapo wageni hushushwa katika vyumba viwili vyenye dari ya chini sana, wakaambiwa kwamba watumwa walisongamanishwa humo. Wako wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilijengwa baadaye, kwa ajili ya hospitali ya misioni. Nililieleza jambo hilo kwa sauti ya kimwalimu. Mke wangu akanitazama. Akasema: «Baba, hata kama si chumba hiki, kilikuwepo chumba.» Nilinyamaza. Kupima ushahidi ni wajibu wa anayefundisha, lakini upo wakati ambapo mwalimu anajificha nyuma ya ushahidi.

Aliketi karibu na zile sanamu karibu saa nzima. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza masimulizi ya bibi yake yalikuwa na mahali pa kukaa. Yule dada aliyekwenda na chungu cha mafuta pengine alizama Lualaba, pengine alilima Tabora, pengine alisimama hapa. Lakini soko hili lilifungwa kwa sababu ya soko lile. Wanawake wa Nyangwe, ambao majina yao hayakuandikwa popote, walilifunga soko la Unguja kwa kifo chao. «Kwa hiyo,» akasema, «hakwenda bure.»

Jioni nilimpeleka mahali nilipokuwa nikipaogopa. Katika mtaa mwembamba wa Mji Mkongwe ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sisi tunamwita Tippu Tip. Ndiye aliyekuwa bwana wa Kasongo na nchi zote za jirani, ndiye Leopold wa Pili aliyemfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na ndiye aliyesimulia maisha yake mwenyewe katika kitabu cha Kiswahili. Alifariki Unguja mwaka 1905. Mlango wake ni mzuri sana. Siku ile watoto walikuwa wakicheza kwenye ngazi, na nguo zilikuwa zimeanikwa dirishani.

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia mke wangu kwamba baba wa babu yangu alikula mkate wa nyumba hii. Niliongeza, kwa haraka, kwamba wangwana wengi walikuwa wenyewe wametekwa wangali wavulana, wakapewa jina jipya na bunduki. Na kwamba Wabelgiji walipouteka Kasongo mwaka 1893 na kutangaza wamekuja kuvunja utumwa, walileta kodi ya mpira na mijeledi yao. Yote hayo ni kweli. Lakini niliisikia sauti yangu, nikajua kwamba ninatumia ukweli kama ngao. Nikaacha. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya yule mzee.

Mke wangu hakujibu upesi. Kisha akasema: «Yeye hakuniomba, nami si yule dada. Siwezi kutoa msamaha usio wangu. Lakini watoto wakiuliza, usinyamaze tena.»

Hayo tu. Tulirudi tukipita baharini. Mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza kahawa alitukaribisha kuketi, akatuuliza tumetoka wapi. Aliposikia Kiswahili chetu alicheka kwa furaha, akasema tunakisema kama watu wa zamani.

Maneno yake yamenifuata hadi leo. Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya wangwana. Na mungwana, katika maana ya asili, ni mtu huru, asiye mtumwa. Lugha iliyoletwa na msafara wa bunduki ilibeba ndani yake jina la uhuru. Leo tunaiombea, tunaiimbia, tunachumbiana nayo. Bibi wa mke wangu alimlilia ndugu aliyepotea kwa lugha ya waliomchukua. Sisemi tuitupe. Ninasema tuijue. Lugha isiyojulikana imetoka wapi hufanana na mtu aliyeficha ukoo wake siku ya uchumba.

Tuliporudi nyumbani tuliwaita watoto wetu wote, pamoja na wajukuu wawili. Niliwaeleza habari za baba wa babu yangu, na mke wangu akawaeleza habari za chungu cha mafuta ya mawese. Mwanangu wa mwisho aliuliza: «Basi sisi tuko upande gani?» Mama yake akajibu kwamba wao wako pande zote mbili, na kwamba ndiyo sababu hawana ruhusa ya kumdharau mtu yeyote.

Yule mjomba bado yuko hai. Ni mzee sana sasa. Tulimpelekea zawadi ya karafuu kutoka Unguja, tukamweleza tulikopita. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaagiza chakula kiletwe, na siku ile tulikula pamoja.

Maswali ya kuzungumza katika kundi:

1. Je, katika ukoo wako kuna habari ambayo wazee huinyamazia? Nani anaweza kukusimulia angali hai?

2. Mke wangu alisema hawezi kutoa msamaha usio wake. Je, unakubaliana naye? Ni nini basi tunachoweza kufanya sisi tuliozaliwa baadaye?

3. Leo pia kuna watu wanaochukuliwa vijijini mwetu, na kuna mali ya ardhi yetu inayokwenda mbali ambako jina letu halijulikani. Unaona wapi njia ya zamani ikiendelea kupitwa?